Maambukizi ya Virusi vya Njia ya Hewa kwa Watoto na Utafiti wa Utendaji wa Jeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu huulizwa na wazazi walioombwa kumruhusu mtoto atolewe damu ya utafiti, na wauguzi wanaoitoa damu hiyo, na wanafunzi wa sayansi za afya wanaokutana na habari za utendaji wa jeni kwa mara ya kwanza.

Utendaji wa jeni ni nini, na unahusiana vipi na mafua ya mtoto?

Karibu kila seli yenye kiini mwilini imebeba maelekezo yaleyale ya DNA, na ndani ya maelekezo hayo mna jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ngozi na seli ya pafu hazitofautiani kwa maelekezo yaliyomo, bali kwa yale zinayoyatumia. Jeni ikihitajika, seli huinakili katika molekuli ya muda iitwayo RNA mjumbe. Nakala hiyo hutumika kutengeneza protini, kisha baada ya dakika au saa kadhaa huvunjwa. Tukisema kwamba jeni fulani inafanya kazi sana, maana yake ni kwamba nakala zake za RNA ni nyingi ndani ya seli kwa wakati ule.

Kirusi kinapoingia katika seli ya pua, seli hiyo hugundua RNA ngeni ndani yake na kuanza kutoa intaferoni, protini ya tahadhari ambayo Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliieleza mwaka 1957 wakiwa London. Intaferoni huzifikia seli za jirani, nazo huwasha mamia ya jeni ambazo siku ya kawaida zimelala: baadhi hutoa protini za kukata RNA ya kirusi, baadhi huzuia kirusi kisijinakili, na baadhi huita seli nyeupe za damu zije zisaidie. Mtafiti anayepima RNA kwa siku ile anaona mwili wa mtoto unashughulika na nini, hata kama mtoto mwenyewe hajui kusema anaumwa wapi.

Kama kipimo cha PCR kinaweza kukitambua kirusi puani, kwa nini mhangaike na jeni za mtoto?

Hili ndilo swali la msingi, na wanaoliuliza wana haki ya kuliuliza. Kukikuta kirusi puani hakuthibitishi kwamba ndicho kinachomuumiza mtoto. Kati ya mwaka 2011 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa wa visababishi vya nimonia kwa watoto, unaojulikana kwa kifupi chake cha PERCH, katika nchi saba: Kenya, Zambia, Afrika Kusini, Mali, Gambia, Bangladesh na Thailand. Kituo chake cha Kenya kilikuwa Kilifi. Watoto zaidi ya 4,000 waliolazwa kwa nimonia walilinganishwa na watoto zaidi ya 5,000 wa maeneo yaleyale ambao hawakuwa na nimonia, na virusi vilikutwa puani katika makundi yote mawili. Kirusi cha RSV, kimojawapo cha virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ya watoto, kilijitenga waziwazi, kwa kuwa kilionekana kwa wagonjwa zaidi sana kuliko kwa wenzao, na watafiti walikadiria kwamba kilihusika na takriban asilimia 31 ya nimonia zilizothibitishwa kwa picha ya kifua. Rinovirusi, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua ya kawaida, vilikuwa jambo jingine: mtoto aliyekuwa akicheza uani alikuwa navyo karibu sawa na mtoto aliyekuwa kwenye oksijeni.

Sasa daktari afanye nini na majibu yanayosema tu kwamba rinovirusi vimepatikana? Huenda ndivyo vilivyomlaza mtoto. Huenda pia ni mabaki ya mafua ya wiki tatu zilizopita, na kinachomtesa leo ni bakteria aliye ndani ya pafu ambako kijiti cha pamba hakifiki. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watoto wa chini ya miaka miwili uliojibu sehemu ya swali hilo. Watoto waliokuwa na rinovirusi pamoja na dalili za ugonjwa walikuwa na mabadiliko makubwa ya utendaji wa jeni katika damu, ilhali watoto waliokuwa na rinovirusi bila dalili yoyote walifanana na wenzao wasio na kirusi kabisa. PCR ilitoa jibu moja kwa watoto wote hao, lakini damu yao ilitoa majibu mawili tofauti. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hakuna hoja nyingine inayoutetea utafiti huu vizuri kuliko hiyo.

Je, tatizo hili lipo kweli katika zahanati zetu, au ni la hospitali za Ulaya?

Lipo, tena kwetu ni kubwa zaidi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watoto wapatao 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na zaidi ya nusu ya watoto wote walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyolaumiwa kwa kila homa, ilikutwa kwa takriban 10 katika kila 100.

Hata hivyo mganga aliye mbele ya mama na mtoto anayechemka hana njia ya haraka ya kuwatenga wale 70. Anajua kwamba akimnyima dawa mtoto mmoja mwenye nimonia ya bakteria, mtoto huyo anaweza kufa. Na kwamba akimpa kila mtoto amoksilini, baada ya miaka michache dawa hiyo haitafanya kazi kwa yule anayeihitaji. Wengi huchagua kuandika dawa. Ni vigumu kuwalaumu, na mtu asiyewahi kukaa upande ule wa meza asiwe mwepesi wa kufanya hivyo.

RNA hiyo huchukuliwa wapi, kwenye damu au kwenye pua?

Kote kuwili, na kila mahali pana habari zake. Pua ndiko vita vinakopiganwa: kijiti laini au brashi ndogo hukusanya seli za utando wa pua, na ndani yake huonekana kirusi pamoja na jinsi seli zilizovamiwa zinavyokijibu. Damu haikutani na kirusi chenyewe mara kwa mara, lakini seli nyeupe zinazopita ndani yake zimesikia tahadhari na kubadilika, kwa hiyo damu hueleza hali ya mwili mzima. Mapafu ndiyo ambayo kila mtafiti angependa kuyaona, ila kuingiza kifaa ndani ya pafu la mtoto anayehangaika kupumua kwa ajili ya utafiti tu hakukubaliki.

Sampuli huchukuliwaje hasa, na mtoto hutolewa damu kiasi gani?

Mtoto wa miezi mitano amepakatwa na mama yake. Muuguzi haanzi na sindano. Anafunua fulana ya mtoto, anashika saa, anahesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtoto akilia, anasubiri atulie, kisha anaanza kuhesabu upya kutoka moja. Anapima oksijeni kwa kibanio cha kidole cha mguu. Anaandika siku ambayo mama aliona makamasi kwa mara ya kwanza, na hapo huwa na mazungumzo marefu kidogo, kwa sababu mama wengi hukumbuka siku ya homa lakini si siku ya makamasi, ambayo kwa utafiti huu ina maana zaidi.

Ndipo inapokuja damu. Chupa inayotumiwa si ile ya kawaida ya maabara ya hospitali. Ndani yake kuna kimiminika kinachozipasua seli papo hapo na kuishika RNA ilivyo. Muuguzi huipindua chupa juu chini taratibu mara nane hadi kumi, wala haitikisi kama dawa ya kikohozi, kisha anaandika saa na dakika. Chupa husimama kwenye joto la chumba kwa takriban saa mbili, halafu huingia kwenye friza, na mwishowe hupelekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Chupa zilizozoeleka hujazwa mililita 2.5, nusu ya kijiko cha chai, kiasi ambacho ni kidogo kwa mtoto mkubwa lakini si kidogo kwa kichanga. Ndiyo maana zimetengenezwa njia zinazotosheka na chini ya mililita moja.

Uangalifu wote huu una sababu. RNA ni dhaifu kuliko DNA, na vimeng'enya vya kuivunja vimo katika jasho la vidole, katika mate, na katika damu yenyewe. Zaidi ya hapo, damu iliyoachwa mezani ndani ya chupa ya kawaida bado ina seli hai, na seli hizo zitaanza kuitikia baridi, plastiki na ukosefu wa sukari kwa kuwasha na kuzima jeni. Baada ya saa sita, mtafiti atakuwa anasoma maisha ya seli ndani ya chupa, wala si ugonjwa wa mtoto. Umeme unapokatika usiku na jenereta ikachelewa kuwaka, kazi ya msimu mzima wa mafua inaweza kuharibika bila mtu yeyote kuona tofauti kwa macho, hadi siku ya kupima ubora wa RNA, ambao hupewa alama kuanzia 1 hadi 10.

Je, mtapima urithi wa familia yetu, au kugundua baba wa mtoto?

Hapana. Kipimo cha urithi huuliza DNA imeandikwaje, nayo haibadiliki toka kuzaliwa hadi uzeeni. Kipimo cha utendaji wa jeni huuliza ni jeni zipi zinatumika sasa hivi, na majibu ya leo hayatafanana na ya wiki ijayo mtoto akiwa amepona.

Lakini uaminifu unatudai tuongeze jambo moja. RNA hunakiliwa kutoka kwenye DNA, kwa hiyo data ghafi za usomaji wake hubeba alama za urithi ambazo mtaalamu angeweza kuzitoa akitaka. Ndiyo sababu data hizo hazipaswi kuachwa wazi ovyo, na fomu ya ridhaa inayosema kwamba haziwezi kabisa kumtambulisha mtu inakosea.

Huko maabara hufanyika nini?

Kwanza RNA husafishwa. Damu ina tatizo lake: RNA ya globini, protini inayobeba oksijeni, inaweza kufikia karibu asilimia 70 ya RNA mjumbe yote iliyomo, hivyo huondolewa au huzibwa ili isifunike nyingine. Kisha RNA hugeuzwa kuwa DNA, hukatwa vipande vifupi, na mashine huvisoma vipande hivyo kwa mamilioni. Kompyuta hutafuta kila kipande kimetoka kwenye jeni ipi, na mwisho hupatikana jedwali kubwa: mistari 20,000 ya jeni, safu moja kwa kila mtoto, na kila chumba kina hesabu.

Kazi ngumu huanzia hapo. Tuseme mtakwimu analinganisha watoto wagonjwa na wazima jeni moja baada ya nyingine, na anakubali kudanganywa na bahati mara 5 katika kila 100. Kwa jeni 20,000, atapata jeni 1,000 "zilizobadilika" hata kama makundi hayo mawili hayatofautiani kwa lolote. Zipo njia za kurekebisha hilo, iliyoenea zaidi ikiwa ile iliyochapishwa na Benjamini na Hochberg mwaka 1995. Kosa jingine halirekebishiki kirahisi: sampuli za wagonjwa zikisomwa Jumatatu na za wazima Alhamisi, tofauti ya siku, ya kemikali na ya mkono wa fundi itaonekana kama tofauti ya ugonjwa. Dawa yake ni kuzichanganya sampuli kabla ya kuanza, jambo ambalo kila mtu analijua na bado husahaulika.

Kuna mtego wa tatu unaowanasa hata waliobobea. Seli nyeupe za damu zina aina zake, na mtoto mgonjwa huwa na nyingi zaidi za aina ya nyutrofili na chache zaidi za aina ya limfosaiti. Jeni za nyutrofili zikionekana kupanda maradufu, je, kila seli imeongeza kazi, au seli zenyewe ndizo zimeongezeka? Damu nzima iliyosagwa pamoja haiwezi kujibu. Ndiyo maana siku hizi maabara zenye uwezo husoma RNA ya seli mojamoja, kwa gharama kubwa na kwa watoto wachache.

Mpaka sasa kumegunduliwa nini cha uhakika?

Kuhusu RSV, ambacho kwa mwaka 2019 pekee kilikadiriwa kusababisha vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano, zaidi ya 97 katika kila 100 vikitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, utafiti wa Asunción Mejias na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha picha ambayo imerudiwa na wengine. Kwa watoto waliolazwa, jeni za nyutrofili, za uvimbe na za intaferoni zilipanda, na jeni za limfosaiti, yaani seli zinazopaswa kujifunza na kukumbuka ugonjwa, zilishuka. Watafiti walijumlisha mabadiliko yote kuwa alama moja inayosema damu ya mtoto imekwenda mbali kiasi gani na ya mtoto mzima, na alama hiyo ilikwenda sambamba na ukali wa ugonjwa. Pia damu ya watoto wa RSV ilitofautiana na ya watoto wa influenza na ya wale wa rinovirusi, ingawa kitandani wote watatu hukohoa na kuhema vilevile.

Kuhusu kutenga virusi na bakteria, kikundi cha Jethro Herberg na Michael Levin wa Imperial College London kilichapisha mwaka 2016 matokeo yaliyozungumzwa sana: jeni mbili tu, IFI44L inayopanda kwenye maambukizi ya virusi na FAM89A inayopanda kwenye ya bakteria, ziliwatenga watoto wenye homa kwa usahihi wa ajabu. Katika kundi la majaribio, watoto 23 wenye bakteria waliothibitishwa walitambuliwa wote, na katika 28 wenye virusi vilivyothibitishwa alikosewa mmoja. Namba hizo zinavutia, lakini msomaji azitazame mara mbili. Kundi hilo la majaribio lilikuwa na watoto 130, na waliobaki 79 ni wale ambao hata madaktari, wakiwa na vipimo vyote, hawakuweza kuamua waliumwa nini. Mtoto anayefika zahanati usiku kwa kawaida hufanana na hao 79.

Kuhusu UVIKO-19, watafiti wa Berlin na Heidelberg walisoma mwaka 2021 seli mojamoja za pua za watoto na watu wazima, na wakakuta kwamba seli za watoto, hata kabla ya maambukizi, huwa tayari zimewasha kwa kiwango cha juu zaidi jeni za kugundua RNA ya virusi. Walinzi wako macho kabla mwizi hajabisha hodi. Hii ni sehemu ya maelezo ya kwa nini watoto wengi waliugua kidogo kuliko wazazi wao.

Kwa nini msitumie matokeo ya watu wazima, ambao ni rahisi kuwatoa damu?

Kwa sababu kinga ya mtoto si kinga ya mtu mzima iliyopunguzwa kipimo. Utafiti uliofanyika Gambia na kurudiwa Papua New Guinea, ukachapishwa mwaka 2019, ulifuatilia vichanga katika siku saba za kwanza za maisha, na ukakuta maelfu ya mabadiliko katika damu yao siku hadi siku bila ugonjwa wowote. Mtafiti anayemlinganisha kichanga wa siku mbili na wa siku saba bila kujua umri wao angedhani mmoja anaumwa.

Historia nayo ina onyo lake. Katika miaka ya 1960 watoto wachanga nchini Marekani walipewa chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kirusi kilichouawa kwa formalini. Msimu wa RSV ulipofika, chanjo haikuwakinga; katika moja ya majaribio hayo, takriban 80 katika kila 100 ya watoto waliochanjwa na kisha kuambukizwa walilazwa hospitalini, dhidi ya 5 hivi katika kila 100 ya wale wa kundi la kulinganisha, na watoto wawili walifariki. Kirusi kilikuwa kilekile kwa makundi yote mawili. Kilichotofautiana ni jinsi miili ilivyokuwa imefundishwa kukipokea, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukimbilia chanjo ya RSV kwa watoto.

Matokeo ya watoto wa Ulaya na Marekani yanamfaa mtoto wa Kilifi au Ifakara?

Yanafaa kama mahali pa kuanzia tu. Intaferoni haiwashwi na virusi vya mafua peke yake. Malaria nayo huiwasha, na mtoto wa pwani anaweza kuwa na vijidudu vichache vya malaria katika damu pamoja na RSV puani kwa wakati mmoja. Jeni inayosema "virusi" London inaweza kusema "malaria" Muheza. Utapiamlo hudhoofisha mwitikio wa kinga. Selimundu hubadilisha damu yenyewe, na kiwango cha seli changa nyekundu kinachoonekana kwa mtoto mwenye selimundu kinaweza kuvuruga jedwali lote. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, hata kama yeye hakuambukizwa, ana kinga iliyoanza safari kwa namna yake.

Mambo haya yapo katika wodi yetu kila siku, na kipimo ambacho hakikujaribiwa kwa watoto wa namna hiyo kisiletwe kwao kikiwa kimefungwa utepe. Kilifi ina faida ya pekee hapa, kwa kuwa RSV imefuatiliwa huko kwa miaka mingi, hadi ndani ya nyumba: katika utafiti wa kaya wa mwaka 2009 na 2010, wanafamilia walichukuliwa sampuli za pua mara mbili kwa wiki hivi, na ikaonekana kwamba mara nyingi anayekileta kirusi kwa kichanga ni kaka au dada yake anayesoma shule.

Naweza kuomba mwanangu afanyiwe kipimo hiki leo?

Katika hospitali zetu za kawaida, hapana. Usomaji wa RNA huchukua siku kadhaa au wiki, na mtoto mwenye nimonia hana wiki. Kilicho karibu zaidi na matumizi ni vipimo vya protini ambazo jeni hizo huzitengeneza, kwa mfano protini ya MxA inayopanda kwa sababu ya intaferoni, ikipimwa pamoja na protini nyingine ya damu, CRP, inayopanda zaidi kwenye maambukizi ya bakteria. Tone la damu na dakika chache hutosha.

Kwa mzazi, kipimo kinachookoa maisha bado ni macho. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa miezi 12 hadi 59 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Kwa kichanga wa chini ya miezi miwili kiwango ni 60. Mtoto anayepumua hivyo, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, anayeshindwa kunyonya, anayebadilika rangi midomo, au anayelegea na kusinzia isivyo kawaida, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asingojee utafiti wowote, na mtafiti mwema humwacha daktari amalize kwanza.

Nikikubali, damu na data za mtoto vitakwenda wapi? Nikikataa je?

Ukikataa, mtoto atatibiwa vilevile. Hilo ni sharti la maadili ya utafiti kila mahali. Ukikubali, una haki ya kuuliza mambo matatu na kujibiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: damu itakayobaki itahifadhiwa miaka mingapi na kwa kazi gani, kama sampuli au data zitatoka nje ya nchi, na ni nani atakayeruhusu watafiti wengine kuzitumia. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili huzipa taarifa za watoto ulinzi wa ziada. Pia unaweza kujiondoa baadaye, ingawa data zilizokwisha kuchanganywa na kuchapishwa kwa jumla haziwezi kurudishwa.

Fomu huletwa wakati mgumu. Mtoto anahema, mama hajalala, na mbele yake kuna kurasa sita. Kuna watafiti ambao huomba ridhaa fupi ya kuchukua sampuli kwanza, kisha hurudi kesho yake kwa maelezo kamili mama akiwa ametulia. Utaratibu huu ni wa kiungwana zaidi, mradi sampuli itupwe kweli endapo kesho atasema hapana.

Mimi ni mwanafunzi na sina maabara. Nianzie wapi?

Anza na kompyuta. Hazina ya data iitwayo GEO, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, imehifadhi majedwali ya tafiti nyingi za aina hii na haina malipo. Chukua utafiti mmoja wa RSV, soma jinsi watoto walivyochaguliwa kabla ya kugusa namba, kisha jaribu kupata upya mchoro mmoja tu wa waandishi. Jifunze takwimu na programu ya R. Ukishindwa kuupata mchoro huo, usidhani mara moja kwamba kosa ni lako.

Je, utafiti huu umeleta chanjo?

Si moja kwa moja. Chanjo ya RSV ya wajawazito na kingamwili ya nirsevimab ya vichanga, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2025, zilitokana hasa na kulielewa umbo la protini ya nje ya kirusi. Kazi ya utendaji wa jeni inakuja baada ya hapo: kuona kwa nini kichanga mmoja aliyekingwa bado analazwa, na kuhakikisha kwamba mwili uliochanjwa unaitikia kwa njia salama, tofauti na ile ya miaka ya 1960.

Majibu ya mtoto wangu nitayapata lini?

Majibu ya kipimo cha kirusi, yakipatikana mapema, hupewa daktari anayemtibu. Jedwali la jeni zake hutapewa, kwa sababu kwa mtoto mmoja mmoja halina tafsiri inayokubalika bado, na kumpa mzazi orodha ya jeni "zisizo za kawaida" kungemtia hofu bure wakati mtoto amekwisha kupona na anakimbia uani. Unachoweza kudai ni maelezo ya matokeo ya jumla utafiti utakapokamilika. Uliza siku ile ile unapotia saini yataletwa kwa njia gani, mkutano wa kijiji, barua au simu, na jina la ofisi utakayoiendea yasipoletwa.